Sukari haishuki na fizi zinatoa damu: kuna uhusiano, au nauziwa usafi wa meno?

MamaMishono:

Habari zenu ndugu zangu. Mlionizidi umri shikamooni, na wadogo marahaba yenu naitoa mapema. Nimeshika nyuzi za cherehani miaka thelathini na moja, ila uzi wa humu ndio nafungua wa kwanza. Nikiwa nimeuweka pasipo pake, mnisogezee.

Nina miaka 54. Sukari niligundulika nayo miaka tisa iliyopita. Nameza metformini asubuhi na jioni, na mwaka jana nikaongezewa kidonge kingine. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, kilikuwa asilimia 8.2, kikapanda 8.8, na mwezi uliopita kimesoma 9.4. Kila nikienda kliniki nasemwa kama mtoto aliyekutwa kabatini analamba sukari, wakati ninavyokula najijua mwenyewe.

Sasa suala la meno. Tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji nakata uzi kwa meno. Fundi aliyenifundisha alikuwa akinikataza, nikaona ananionea tu. Mkasi upo mezani, lakini mkono mmoja umeshika kitambaa na mwingine uko kwenye gurudumu, basi kinywa ndicho kinachobaki bila kazi. Wiki sita zilizopita nikawa nakata uzi wa pindo, nikasikia jino la mbele la chini limesogea. Halikuuma. Lilisogea tu, kama kifungo ambacho uzi wake umelegea. Nikaligusa kwa ulimi, linacheza. La pembeni yake nalo linacheza, ila kwa aibu aibu.

Nisijifanye sikuonywa. Damu kwenye mswaki nimeiona kwa miaka. Nilidhani mswaki ni mgumu, nikanunua laini, damu ikaendelea, nikaanza kuruka sehemu zinazotoa damu ili nisizichokoze. Kuna asubuhi naamka na madoa kwenye foronya, na foronya zangu ni nyeupe, nimezishona mwenyewe. Halafu mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye hajajifunza kuficha jambo, aliniambia, "Bibi, geukia kule ndio unisimulie hadithi." Tangu siku hiyo nikipima mteja nabana pini midomoni hata kama sizihitaji, nipate sababu ya kutofungua kinywa. Usiku nikawa najichokonoa katikati ya meno kwa uzi wa cherehani, ule wa polista.

Nikaenda kwa daktari wa meno nikitaka aniondolee hilo moja tu. Nilipotaja sukari aliweka kioo chini, akaanza kunihoji upya. Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama futi yangu ya kupimia, akawa anakichomeka pembeni ya kila jino na kumsomea msaidizi wake namba: tatu, tano, sita, saba, sita. Akaniambia hizo ni milimita, na fizi nzima haizidi tatu. Kwamba ugonjwa wa fizi umeshaula mfupa unaoshika meno, na kwamba unaweza kuwa miongoni mwa yanayonizuilia sukari kushuka. Anataka anisafishe chini ya fizi kwa ganzi, upande mmoja wiki hii na mwingine wiki ijayo.

Dada yangu anasema hiyo ni biashara. Maneno yake: "Kongosho liko tumboni, fizi ziko mdomoni, vinakutana wapi?" Jirani anasema ugaga ndio umeyashika meno, ukikwanguliwa yatamwagika kama shanga. Mume wangu anasema ng'oa yote uweke ya bandia, mambo yaishe.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki: miaka tisa ya kliniki ya sukari, miguu yangu wameikagua, macho wameyamulika, mkojo wameupima kwa ajili ya figo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia fungua kinywa. Kama uhusiano upo kweli, mbona hawakuniambia? Na kama haupo, huyu wa meno kautoa wapi?

Kijana_Mtundu:

Mama shikamoo. Mimi namuunga mkono mzee. Ng'oa yote. Babu yangu ya bandia anayatoa usiku anayaweka kwenye glasi, hayaumi, hayatoi damu, na anatutishia nayo watoto.

TabibuFizi:

Mama, shikamoo. Mimi ni tabibu wa meno na kazi yangu kubwa ni fizi. Sijakuona kinywani, kwa hiyo ninayosema ni ya jumla, ingawa maelezo yako yamenyooka kuliko ya wagonjwa wengi wanaokaa kwenye kiti changu.

Nianze na swali la dada yako, maana ni swali zuri. Vinakutana kwenye damu.

Ukoga ni ule utando laini unaoganda kwenye meno hata kama hujala kitu. Ni bakteria, hai, wamejijengea makazi. Mwaka 1965 mtafiti mmoja aitwaye Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zao zilikuwa zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, na ndani ya wiki moja hivi fizi zikarudi zilivyokuwa. Kwa hiyo damu kwenye mswaki husababishwa na ukoga, si ugumu wa mswaki, na ulipokuwa unaruka sehemu zinazotoa damu ulikuwa unawaachia bakteria shamba lao. Usijilaumu, karibu kila mtu hufanya hivyo.

Ukoga ukikaa, mate yanaugandisha kwa madini unakuwa ugaga, na juu ya ugaga unaota ukoga mwingine. Kwa baadhi ya watu mwili unapopambana nao unaanza kumeng'enya mfupa wake wenyewe, fizi inaachana na jino, panabaki mfuko. Hizo tano, sita, saba ulizosikia ni vina vya mifuko. Ukuta wa ndani wa mfuko ni kidonda. Mtu mwenye ugonjwa uliosambaa, ukikusanya vidonda vyote hivyo na kuvitandaza, makadirio yanayokubalika zaidi ni sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Mama, kata kitambaa cha sentimita nne kwa nne ukitazame. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni, na una sukari, ile kliniki ingekulaza.

Kidonda hicho kinamwaga kwenye damu kemikali za uvimbe usiku na mchana, na kemikali hizo zinazifanya seli za mwili ziwe na usugu kwa insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari. Hiyo ni njia ya kwenda. Ya kurudi ni kwamba sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinapigana vibaya, mishipa midogo ya fizi inaharibika, na kolajeni inayoshikilia jino inakakamaa na haijirekebishi vizuri. Kila moja inamchochea mwenzake. Löe huyo huyo, mwaka 1993, alipendekeza ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita litokanalo na kisukari, ukikaa pamoja na macho, figo, neva, mishipa mikubwa na vidonda visivyopona. Yaani kwenye orodha ya vitu wanavyokukagua, kinywa kiliombewa nafasi zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mbona hawakukuambia? Kwa sababu sisi wa meno na wale wa mwili tulisoma majengo tofauti, na mpaka leo mafaili yetu hayasalimiani.

Sasa kipande ambacho dada yako atakitaka: ushahidi. Majaribio mengi yamefanywa kwa watu wenye sukari, baadhi wakasafishwa chini ya fizi na wengine wakasubiri. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, uliotoka 2022 uliyajumlisha, na HbA1c ilishuka kwa wastani wa takribani asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Kiasi hicho kinakaribia kile kinachopatikana kwa kuongeza baadhi ya vidonge. Lakini mama, kutoka 9.4 hutafika 6 kwa kukwanguliwa. Atakayekuahidi hivyo ndiye anayekuuzia.

Kuhusu jirani, ugaga unashika jino kama tope lililojaa kwenye shimo la nguzo iliyolegea. Kweli ukilitoa nguzo itaonekana inacheza zaidi kwa siku kadhaa, lakini lile tope ndilo lililokuwa linaozesha shimo. Wewe ni fundi, utanielewa nikisema kitambaa kimeoza kwenye mshono, na jirani anakushauri usikifue kwa sababu uchafu ndio unaokishika.

Jiandae kwa mambo mawili. Moja, siku inayofuata unaweza kujisikia hovyo, hata kajihomu kadogo. Utafiti mmoja wa 2007 uliowafuata watu 120 ulionyesha kwamba saa 24 baada ya usafi mzito wa fizi, uvimbe kwenye damu ulipanda na mishipa ilifanya kazi vibaya zaidi, na ilipofika miezi sita mishipa ya waliosafishwa ilikuwa bora kuliko ya wengine. La pili, uvimbe ukiisha fizi zitapungua, meno yataonekana marefu na katikati patatokea mianya. Wengi wananirudia na hasira hapo, wakidhani nimewatoboa. Mianya ilikuwepo, ilikuwa imefunikwa na uvimbe.

Na huo uzi wa cherehani uache leo. Unakata fizi. Kwa mianya kama yako, brashi ndogo za katikati ya meno zinafanya kazi kuliko hata uzi wa meno wenyewe. Kinachokuja ghafla ndicho cha kukikimbilia usiku huo huo: uvimbe chini ya kidevu, ulimi kuinuka, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa. Hapo hungoji miadi.

Dada_wa_Zamu:

Naongezea moja tu kwa mama. Siku ya ganzi usiende na njaa ukiwa umemeza dawa za sukari. Kula kama kawaida, meza kama kawaida, chukua miadi ya asubuhi. Nimeona watu wanazimia kwenye kiti, wakadhani ni sindano kumbe sukari imeshuka.

MsomajiPembeni:

Tabibu kaeleza vizuri, na nafurahi ametaja kiasi na hakuishia kwenye "imethibitishwa". Mimi si mganga, ni mtu wa maktaba, lakini shauri la mzee la kung'oa yote limenigusa, kwa sababu ulimwengu ulishalijaribu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na nadharia kwamba maambukizi yaliyojificha sehemu moja, hasa kwenye meno na mafindofindo, ndiyo chanzo cha maradhi ya mwili mzima. Daktari Mwingereza, William Hunter, alihutubia Montreal mwaka 1910 akawashambulia wataalamu wa meno kwa kufunika uozo kwa dhahabu. Frank Billings akaieneza kutoka Chicago. Baridi yabisi? Ng'oa. Tumbo? Ng'oa. Watu wenye meno mazima walibaki vibogoyo, na maungo yakaendelea kuuma vilevile. Aliyezidi wote ni Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey. Huyo aliamini wazimu unatoka kwenye meno, akang'oa ya wagonjwa, akahamia kwenye mafindofindo na utumbo mpana, na wengi walifia kwenye upasuaji. Hakuwa tapeli, maana aling'oa hata baadhi ya meno yake mwenyewe. Aliamini tu, na hakuwa na kundi la kulinganisha.

Nadharia ikafa, na ilipokufa ikazikwa na ukweli wake mdogo. Miaka mingi ukisema meno yana uhusiano na moyo unachekwa. Ndipo mwaka 1989 Wafini wakalinganisha wagonjwa 100 waliopata shambulio la moyo na watu wengine wa kawaida, wakakuta meno ya wagonjwa yana hali mbaya zaidi. Tafiti zikafuata nyingi, na uhusiano ukaonekana tena na tena.

Lakini hapa nisimame. Chama cha moyo cha Marekani kilipitia yote mwaka 2012 kikasema uhusiano upo hata ukiondoa sigara na umri, ila hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha, wala kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo. Uhusiano na chanzo ni vitu viwili. Vivyo hivyo kwa wajawazito: wenye fizi mbovu huzaa njiti zaidi, lakini jaribio kubwa lililochapishwa 2006 lilipotibu fizi za wajawazito, njiti hawakupungua. Fizi zilipona, matibabu yalikuwa salama, njiti wakabaki idadi ile ile.

Kwa hiyo mama, kwenye sukari mkono wa tabibu una kitu. Ukisikia mtu anaunganisha jino na kila ugonjwa kuanzia kipara, kumbuka Trenton.

Kijana_Mtundu:

Basi nafuta ushauri wangu.

VaiVali:

Mimi ninayo vali ya bandia moyoni, yaani kile kimlango cha kupitisha damu, mwaka wa saba huu, kwa hiyo mjadala wa chanzo na uhusiano kwangu una mlango mwingine. Kuna ugonjwa unaitwa endokaditisi: bakteria wa kinywani wanaingia kwenye damu, wanafika kwenye vali, wanajenga kiota. Hapo hakuna ubishi, bakteria wenyewe wanatolewa kwenye damu na kuoteshwa maabara.

Zamani wengi wenye matatizo ya moyo walipewa antibiotiki kabla ya kuguswa jino. Mwongozo wa Marekani wa 2007 ukapunguza, ukabakiza wachache, wakiwemo wenye vali za bandia kama mimi, waliowahi kuugua huo ugonjwa, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Sababu yake ilinishangaza. Walisema bakteria wanaingia kwenye damu kila siku unapotafuna na kupiga mswaki, hasa fizi zikiwa mbovu, kwa hiyo kidonge cha mara moja kwa mwaka ni kinga ndogo kuliko kuwa na fizi nzima siku zote. Mimi kidonge nameza saa moja kabla, lakini mswaki ndio nauogopa nikiukosa.

MamaMishono:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nimemsomea dada yangu kwa sauti. Alinyamaza kwenye kile kitambaa cha nne kwa nne. Nilikikata kweli, kitambaa chekundu, nikakiweka juu ya cherehani. Nikakitazama siku nzima nashona.

MsomajiPembeni, huyo Cotton amenitoa usingizi. Nimemwambia mume wangu, akasema yeye alikuwa anatania.

Nakwenda Alhamisi, miadi ya asubuhi, nikiwa nimekula. Kuna mtu amefanyiwa aniambie inaumaje?

MleziWaMama:

Ganzi inachoma kama mchomo wa sindano yako tu, kisha husikii kitu zaidi ya kelele. Kelele ndiyo mbaya. Nenda na kitu cha kusikiliza masikioni.

Niliingia uzi huu kwa sababu nyingine. Namuuguza mama yangu, alipata kiharusi, anameza kwa shida. Mwaka wa kwanza alipata nimonia mara tatu. Nilimwosha mwili mzima kila siku, nikamgeuza, nikampaka mafuta, kinywani nikapita na kitambaa cha maji juu juu kwa sababu alikuwa anang'ata. Muuguzi aliyekuja nyumbani ndiye aliyeniuliza, "Anacholala nacho kinywani kinashuka wapi?" Kinashuka kwenye mapafu. Mtu asiyemeza vizuri anavuta mate yake usingizini, na mate yale yamebeba kila kilichoota kwenye meno na ulimi.

Akaniambia Wajapani waliwafuata wazee katika nyumba 11 za kulelea kwa miaka miwili. Waliosafishwa kinywa kila baada ya chakula, asilimia 11 walipata nimonia, na wale walioachwa na utaratibu wa kawaida ni asilimia 19. Nilikuwa sijui kwamba mswaki unaweza kuwa dawa ya kifua. Sasa namsafisha akiwa ameinuliwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, meno ya bandia ya juu natoa kila usiku na kuyasugua. Mwaka huu wa pili amepata nimonia mara moja. Sisemi ni mswaki peke yake, tumebadilisha na namna ya kumlisha. Ila mswaki siuachi.

Na kwa Kijana_Mtundu: mwambie babu hiyo glasi aendelee nayo. Kulala na meno ya bandia kunafuga fangasi.

MamaMishono (miezi minne baadaye):

Ndugu zangu, nimerudi. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi, maana naona nyuzi nyingi humu zinaachwa bila fundo mwishoni.

Kelele ndiyo mbaya, MleziWaMama hukukosea. Siku iliyofuata nilikuwa na kijihomu na mwili mzito, nikakumbuka maneno ya tabibu, nikalala tu. Jirani alikuja kuniangalia kama meno yamebaki. Yamebaki. Wiki ya kwanza lile la mbele lilicheza zaidi nikalia chooni. Wiki ya tano likatulia. Halijawa imara kama zamani, daktari kasema mfupa uliokwisha haurudi wenyewe, lakini si kifungo kilicholegea tena.

Meno yamerefuka. Tabibu ulinionya, hata hivyo nilipojiona kwenye kioo cha wateja nilishtuka. Maji ya baridi yalinichoma kama mwezi mzima. Brashi za katikati natumia ya rangi mbili, nyembamba mbele na nene nyuma, dakika kumi kila usiku mwanzoni, sasa nne. Damu siku za kwanza ilinitisha. Kufikia wiki ya tatu ikawa mahali pamoja tu, nyuma kulia. Foronya nyeupe.

Namba: kutoka 9.4 hadi 8.5. Nilifurahi, halafu nikajikumbusha Trenton. Kwa ukweli wa Mungu, kidonge cha jioni nilikuwa nakisahau siku mbili tatu kwa wiki, sikuwaambia kule juu. Tangu nianze kukaa na brashi kila usiku, nimeweka vidonge pembeni ya brashi, na sijaruka hata kimoja. Kwa hiyo sijui kipi ni cha fizi na kipi ni cha kidonge. Kliniki waliponiuliza nimefanya nini, nikawaambia nimesafisha fizi. Yule nesi akaandika. Sijui ameandika wapi, lakini niliona kalamu ikitembea.

Mjukuu hajasema kitu. Anakaa pajani, hadithi nzima, uso kwa uso.

Uzi nakata kwa mkasi. Nimeufunga kwa utepe shingoni.

Nina swali dogo la mwisho. Mume wangu sasa ananiringia. Anasema mimi nimehangaika miezi minne na yeye fizi zake hazijawahi kutoa damu hata tone, na mswaki anapiga anapokumbuka. Anavuta sigara tangu nimfahamu. Ni bahati ya kuzaliwa au vipi?

TabibuFizi:

Mama, hongera. Wastani ni ile 0.4, na kwa kuwa umejisema kuhusu kidonge cha jioni, tuache 0.9 yako igawanywe na wawili wasiojulikana.

Mzee mwambie nampa shikamoo, na umlete kabla ya wiki kwisha. Sigara inazuia fizi kutoa damu hata zikiwa zinaoza. Wewe ulionywa na foronya, yeye hana wa kumwonya. Akifika aombe kile kijiti chenye alama kama futi, na wewe uwepo wakati namba zinasomwa.

MamaMishono:

Amesoma juu ya bega langu. Ameingia chumbani, nasikia anajitazama kwenye kioo.